Vuli ya Kasikeu Hupikwa Baharini

Mtu wa Mwambao akitaja mvua bila ya kuongeza neno, aghalabu huwa anataja masika. Vuli kwetu ni mvua ya nyongeza. Ikija, muhogo hunenepa na visima hupanda. Isipokuja, watu hunung'unika siku mbili tatu, kisha hungoja Aprili. Lakini ukiifuata barabara ya Nairobi kutoka Mombasa, ukaipita Voi na Mtito Andei, ukaipita Kibwezi, Makindu na Emali, mpaka ukafika Sultan Hamud, utakuwa umeingia katika nchi ambayo mambo yake ni kinyume na hayo.

Sultan Hamud, kama jina lenyewe linavyoeleza, ni mji uliopewa jina la Sayyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902, siku ambazo reli ilikuwa ikijengwa kwenda bara. Kando ya mji huo, katika nchi iliyokuwa zamani chini ya Wilaya ya Machakos na ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, ndipo ilipo Kasikeu. Ni nchi ya vilima na nyanda, makorongo ya mchanga na miti ya migunga. Huko masika ndiyo mvua ya kubahatisha. Vuli ndiyo mvua ya kula.

Wakamba wenyewe wana majina yao. Mvua ya Oktoba hadi Desemba huiita nthwa, na ile ya Machi hadi Mei huiita uua. Mkulima wa Kasikeu akikosa uua huguna. Akikosa nthwa huanza kuhesabu mbuzi wa kuuza. Ndiyo sababu kila mwaka, tangu Agosti, watu wa huko huwa na swali moja midomoni mwao: je, vuli ya mwaka huu itakuwaje? Na jambo ambalo pengine msomaji wetu hajalifikiri ni hili, kwamba jibu la swali hilo haliko Kasikeu. Liko katika bahari hii hii tunayoiona sisi kila siku.

KICHWA CHEUPE

Kwanza tuutazame mlima. Asubuhi isiyo na mawingu, kabla ukungu na vumbi havijapanda, mtu aliyesimama katika nyanda za Emali na Sultan Hamud huweza kuuona Kilimanjaro upande wa kusini, na kichwa chake cheupe kikimeta. Weupe ule ni theluji na barafu. Lugha yetu ina neno theluji tangu zamani, tulilolipata kwa Waarabu, ingawa mwenye kulitamka Lamu au Pemba hakuwahi kuiona theluji ikianguka mlangoni pake. Cha karibu tunachokijua ni mvua ya mawe.

Theluji ya Kibo na mvua ya Kasikeu ni ndugu wa baba mmoja. Upepo wenye unyevu utokao baharini ndio uletao zote mbili. Ukifika katika nyanda, wingu humwaga maji. Ukipanda mlimani, kwenye baridi kali, maji yale yale huanguka yakiwa theluji. Vuli ikiwa nzito, kilele hujivika kanzu mpya. Vuli ikifa, mlima hubaki na barafu yake ya zamani, iliyochakaa, ambayo jua huipiga bila kizuizi. Kwa hiyo yule anayetabiri vuli huwa ametabiri mambo mawili kwa pamoja, mvua ya nyandani na theluji ya mlimani. Huko Ulaya na Marekani watabiri hushughulishwa na theluji itakayofunga barabara wakati wa baridi. Kazi ya watabiri wetu ni ile ile, ila barabara za huku hufungwa na matope.

Historia ya theluji hiyo ina kichekesho chake. Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona mlima huo akiwa safarini kwenda Uchaga. Alimwuliza kiongozi wake kile cheupe ni kitu gani, naye akajibiwa kwa neno moja tu: baridi. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, alisafiri Ukambani, akauona Kilimanjaro kwa macho yake. Na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mzee Kivoi, yule tajiri wa misafara ya pembe aliyejulikana mpaka Mombasa, akauona na Mlima Kenya. Habari zilipofika London, bingwa mmoja wa jiografia, W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, alizikataa. Theluji karibu na mstari wa ikweta? Haiwezekani! Ilibidi Baron Karl Klaus von der Decken aupande mlima ule katika miaka ya 1861 na 1862 ndipo ubishi ukaisha. Yule msafiri wa pwani aliyesema "baridi" alikuwa amekwisha kusema kweli miaka kumi na zaidi kabla yao.

Barafu hiyo sasa inakwisha. Wataalamu waliolinganisha ramani ya 1912 na vipimo vya 2007 walikuta kwamba sehemu 85 katika mia zimetoweka. Kuna wanaodhani kwamba ikiisha, chemchemi za chini zitakauka. Hilo si sawa sana. Maji ya chemchemi za Nol Turesh, yanayopelekwa kwa bomba kutoka miguuni mwa Kilimanjaro mpaka Sultan Hamud na kwingineko, hutokana zaidi na mvua inayonyesha katika msitu wa mlimani kuliko barafu ya kileleni. Kwa hiyo tunarudi pale pale, kwenye mvua.

DALILI ZA WAZEE

Kabla ya kuja kwa mitambo watu hawakukaa kama vipofu. Wazee wa Ukambani hutazama migunga: ikichipua na kutoa maua wakati wa kiangazi kikali, huambiana kwamba nthwa iko njiani. Hutazama upepo unatokea wapi, husikiliza ndege fulani, na huwatazama mchwa na nyuki. Dalili hizi si ushirikina. Mti unaochipua kabla ya mvua huwa umehisi badiliko la unyevu na joto ambalo mwili wa binadamu hauhisi. Upungufu wake ni kwamba dalili nyingi husema mvua i karibu kuanza. Hazisemi itakaa siku ngapi, wala itakuwa kiasi gani.

Sisi wa Mwambao tuna elimu yetu, nayo ni pana. Mabaharia na wakulima walihesabu mwaka wa Kiswahili kuanzia Nairuzi, wakaugawa miongo ya siku kumi kumi, na kila mwongo ukawa na kazi yake: huu wa kupanda, huu wa kuvua, huu wa kutotoka kabisa na chombo. Udhaifu wa hesabu hiyo ni ile robo ya siku. Mwaka wa siku 365 tupu hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, na asiyerekebisha hujikuta, baada ya maisha ya mzee mmoja, yuko mbali na majira. Hapo ndipo nyota zilipofaa. Nani asiyeijua methali ya Kilimia, kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua? Wengi huisema kwa kupamba mazungumzo tu. Lakini huo ni utabiri kamili, wenye sharti na jawabu. Nyota hizo hupotea katika mwanga wa jua kati ya mwisho wa Aprili na Mei, katikati ya masika, kisha huzuka alfajiri mnamo Juni. Aliyeitunga methali hiyo alikuwa anatuambia kwamba masika yakikawia kuanza yatakawia kwisha, na yakiwahi yatawahi kwisha. Kama ni kweli kila mwaka au la, hilo ni jingine; muhimu ni kwamba alikuwa akiweka kumbukumbu.

Hapa msomaji Muislamu huenda akawa na jambo moyoni. Aya ya mwisho ya Surat Luqman imeitaja mvua pamoja na mambo ambayo mafunzo ya Mtume yameyaita funguo za ghaibu. Je, mtabiri hagongi mlango usio wake? Nahodha aliyekuwa akihesabu miongo hakuona kwamba amevuka mpaka. Alisoma dalili zilizowekwa, akafunga safari yake, na bado alisema inshallah. Mtabiri wa leo naye, kama tutakavyoona, akiwa mkweli hasemi kamwe kwamba mvua itanyesha. Husema kuna nafasi kiasi fulani. Aliyesema hivyo amekwisha kukiri kwamba jambo laweza kuwa vingine, na sala ya kuomba mvua iko pale pale kwa watu wanaoihitaji.

MAJI YA MOTO NA MAJI YA BARIDI

Sasa tuje kwenye bahari. Vuli hupita katika mwanya wa pepo mbili. Kusi limechoka, kaskazi halijashika sawasawa, na katika siku hizo za katikati mkanda wa mawingu hushuka kutoka kaskazini kwenda kusini, ukipita juu yetu. Lakini mkanda ule hauna maji ya kwake, huyachota baharini. Bahari ikiwa na joto hutoa mvuke mwingi, ikiwa baridi hutoa mchache.

Kwa kawaida, maji yenye joto zaidi ya Bahari ya Hindi hukusanyika upande wa mashariki, karibu na Sumatra. Hewa hupanda huko ikamwaga mvua, kisha hushuka upande wetu ikiwa kavu. Miaka mingine mambo hupinduka. Pepo za ikweta hugeuka, maji ya moto husukumwa huku kwetu, na pwani ya Sumatra hupoa. Tofauti yenyewe ni ya nyuzi moja au mbili tu za joto, ambazo mtu akichovya mkono hazitambui, lakini bahari ni pana, na nyuzi moja iliyoenea maelfu ya maili ni kitu kikubwa. Basi mvua ambayo ingenyesha Indonesia hunyesha Makueni. Ni mwaka 1999 tu ndipo mtaalamu N. H. Saji na wenzake waliokuwa Japani walipoueleza mchezo huo wa pande mbili na kuupa jina lake la kitaalamu.

Ndugu yake mkubwa ni El Niño, jina la Kihispania lililotolewa na wavuvi wa Peru. Naona inafaa tukumbuke kwamba hata huko waliogundua kwanza ni wavuvi. El Niño ni kupata joto kwa Bahari ya Pasifiki, na mara nyingi huisukuma Bahari ya Hindi nayo ipinduke. Lakini si mara zote, na hapo ndipo watu wa Kenya walipochanganyikiwa.

Tazama miaka yenyewe. Mwaka 1961, baada ya ukame mkali, vuli ilikuja kwa gharika, na katika Pasifiki hapakuwa na El Niño ya maana. Ilikuwa ni bahari yetu peke yake. Mwaka 1997 zote mbili zilikutana, Pasifiki na Hindi, na hakuna aliyekuwa mtu mzima wakati ule aliyesahau. Barabara ya Mombasa ilikatika sehemu kadhaa, magari yakalala njiani, na homa ya Bonde la Ufa ikaangamiza mifugo na watu kaskazini mashariki. Tangu hapo, neno El Niño kwa Mkenya likawa maana yake ni mafuriko.

Mwaka 2015 Pasifiki ilipata joto kama la 1997. Watu waliambiwa wajitayarishe, wakajitayarisha. Mvua ikanyesha, tena nzuri, lakini gharika iliyoogopwa haikuja, kwa sababu safari hiyo Bahari ya Hindi haikupinduka kwa nguvu. Watabiri wakachekwa. Miaka minne baadaye, 2019, Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, na Bahari ya Hindi ikapinduka kuliko ilivyowahi kuonekana kwa miongo kadhaa. Mafuriko yakaenea, milima ikaporomoka Pokot Magharibi, na majani yaliyoota yakawa chakula cha nzige waliofuata.

Kisha ukaja ukame wa misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Mifugo ilikufa kaskazini kwa mamilioni, na Ukambani watu walivuna mabua. Halafu 2023 bahari zote mbili zikapata joto kwa pamoja, kama 1997.

NENO LILIPOPOTEA NJIANI

Habari ya 2023 inafaa isimuliwe polepole. Katikati ya mwaka wataalamu walitangaza kwamba vuli ingekuwa kubwa kupita kawaida. Mnamo Oktoba Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba, kwa mujibu wa wataalamu wa hali ya hewa, ile El Niño ya kuharibu haitakuwako, ila mvua zitakuwa nyingi. Watu wakasikia nusu ya kwanza ya maneno. Wengine waliokuwa wamekusudia kuhama mabondeni wakakaa. Novemba maji yakaja, Mombasa na Kwale, Tana River, Garissa mpaka Mandera. Zaidi ya watu 100 walikufa nchini Kenya.

Ni rahisi kumlaumu mmoja. Mimi naona kosa liko katika lugha yenyewe ya utabiri, jinsi inavyoharibika ikipita kinywa hadi kinywa. Watabiri hufanya hivi: huchukua mvua za miaka 30 iliyopita, wakazipanga kuanzia mwaka wenye mvua haba hadi wenye mvua tele, kisha wakazigawa mafungu matatu sawa. Fungu la chini, la kati, na la juu. Halafu hutazama bahari ilivyo, wakasema, kwa mfano, nafasi ya fungu la juu ni 50 katika mia, la kati 30, la chini 20. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi yenye bahari kama hii, mitano huwa ya mvua tele, mitatu ya wastani, na miwili huwa ya ukame. Hayo ndiyo maneno yatokayo katika mikutano ya wataalamu wa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, iliyoanza 1998, na ambayo kwa ajili ya vuli hufanyika mwishoni mwa Agosti. Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner mjini Nairobi, huyatoa tena kwa ajili ya Kenya, sehemu kwa sehemu.

Kutoka hapo hufika redioni, yakawa "mvua kubwa yatarajiwa." Yakifika sokoni huwa "mvua kubwa inakuja." Yakifika shambani yamekuwa ahadi. Na ile miaka miwili ya ukame katika kumi, ambayo ndiyo imtiayo hofu mtu mwenye watoto, imekwisha potea njiani.

Tena wastani wenyewe ni wa nani? Mombasa hupata kama milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Vilima vya Mbooni na Kilungu, vilivyo Makueni, hupata zaidi ya 800. Lakini nyanda za chini za kaunti hiyo hiyo zaweza kupata 300 au 400 tu, mwaka mzima. Mtu wa nyandani akiambiwa kwamba mvua itakuwa ya wastani, afurahi au ahuzunike? Wastani wake hautoshi mahindi ya kawaida. Na Kasikeu iko hapo baina ya kilima na uwanda, katikati ya kituo cha vipimo cha Katumani na kile cha Makindu, ambapo wingu laweza kunyeshea shamba la huyu likaruka la jirani yake.

Jambo jingine ambalo jumla ya mvua haisemi ni jinsi itakavyogawanyika. Vuli ya 2021 ilikuwa miongoni mwa zile tano zilizokufa. Hata hivyo, tarehe 4 Desemba 2021 Mto Enziu, karibu na Mwingi katika Kitui, ulijaa ukalichukua basi lililokuwa na waimbaji wa kwaya, na zaidi ya watu 30 wakafa maji. Katika mwaka wa ukame! Mito ya Ukambani ni ya mchanga. Asubuhi watoto huchimba visima ndani yake, jioni ikashuka kama ukuta. Wasafiri wa reli wa Mwambao wana kumbukumbu yao pia. Mwishoni mwa Januari 1993 daraja la Ngai Ndethya lilivunjwa na maji, treni ikatumbukia usiku, wakafa zaidi ya watu 100.

TAREHE YA MVUA YA KWANZA

Basi mkulima afanye nini na utabiri wa mafungu matatu? Jibu moja zuri lilipatikana karibu na Kasikeu, huko Katumani nje ya mji wa Machakos, penye kituo cha utafiti wa kilimo cha nchi kavu. Ndipo yalipotoka mahindi ya Katumani, katika miaka ya 1960, mahindi mafupi yasiyo na makuu, ambayo huwahi kukomaa kabla mvua haijakatika. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtafiti J. Ian Stewart na wenzake walizipekua kumbukumbu za mvua za sehemu hiyo, wakaona jambo ambalo likielezwa huonekana jepesi. Siku ya kwisha vuli haisogei sana. Mwisho wa Desemba mvua huwa imekatika. Siku ya kuanza ndiyo inayochezacheza. Kwa hiyo vuli iliyowahi kuanza aghalabu huwa ndefu na nyingi, na iliyochelewa huwa fupi na haba. Tarehe ya mvua ya kwanza yenyewe ni utabiri, tena usiohitaji redio.

Shauri lao lilikuwa hivi. Mvua ikiwahi, panda mahindi kwa ukaribu na utie mbolea, kwa kuwa gharama itarudi. Ikichelewa, usitie mbolea, na ng'oa miche mingine ili iliyobaki ipate maji. Mtu wa Lamu aijuaye methali ya Kilimia atatabasamu, kwani ni jamaa wa fikira ile ile: mwanzo wa majira hutoa habari za mwisho wake.

Utabiri wa Agosti nao una kazi yake kabla ya siku hiyo. Bahari ikionyesha vuli nzito, ndio wakati wa kutengeneza matuta ya fanya juu, yale ambayo Wakamba wameyachimba kwa mikono yao mpaka vilima vimekuwa kama ngazi, na kuimarisha mabwawa ya mchanga mitoni. Ikionyesha vuli haba, mwenye busara hupunguza mahindi akaongeza mtama, kunde na pojo, ambazo wao huziita ndengu, na huuza mbuzi mmoja wawili mapema, wakati bado wana nyama na bei. Katika miaka ya 1980 Ukambani ulipatwa na njaa waliyoipa jina la Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Kilichoshikwa ni fedha. Watu waliuza wakapata pesa, lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Kuuza peke yake, basi, si dawa. Ni lazima kuuza mapema na kununua mapema.

Masika ni habari nyingine. Hayafuati joto la bahari kwa utii kama vuli, na watabiri huyakisia kwa shida. Masika ya 2024 yaliua karibu watu 300 nchini Kenya, wakiwemo wale wa Mai Mahiu usiku wa Aprili. Kwa bahati, kama yafaa kuiita bahati, mvua inayomlisha mtu wa Kasikeu ndiyo ile ambayo bahari huifichua mapema.

Na isidhaniwe kwamba sisi hatumo katika hesabu hiyo. Sehemu ya maji ya mfereji wa Mombasa, tangu miaka ya 1950, hutoka chemchemi za Mzima. Mzima haina mto unaoilisha juu ya ardhi. Mvua huangukia vilima vya Chyulu, kusini mwa Makindu, ikapenya mawe ya volkano, ikasafiri gizani maili nyingi, kisha ikazuka Tsavo. Vuli inayojaza ghala la Kasikeu ndiyo pia inayojaza mtungi wa Mombasa, ingawa huchelewa kufika.

Ifikapo katikati ya Oktoba, Kasikeu huwa na vumbi. Watu wengi hupanda katika udongo mkavu, kabla ya tone la kwanza, ili mbegu isipoteze hata siku moja ya mvua. Lakini hawapandi zote. Sehemu huachwa ndani ya debe, mdomo umefungwa, kwa ajili ya kupanda mara ya pili iwapo mvua ya kwanza itadanganya.